Mzigo Unaolipa: Niliyozungumza na Madereva wa Gari Moja, Tunduma

Jumamosi iliyopita vijana wa chama walinialika Tunduma nizungumze na madereva wanaomiliki gari moja, wale ambao asubuhi ni bosi, mchana ni dereva na usiku ni mlinzi wa gari lake mwenyewe. Niliongea bila karatasi. Haya nimeyapanga baadaye kutoka kwenye rekodi ya simu, kwa sababu wengi walioko safarini waliomba wayasome. Lugha nimeiacha kama ilivyotoka. Vicheko nimepunguza.

  

Najua baadhi yenu mmeniangalia mkajiuliza huyu binti wa chuo atatufundisha nini kuhusu malori. Swali ni la haki. Leseni ya daraja E sina, na hata Noah ya nyumbani naendesha kwa kuomba dua. Ila mimi ni mtoto wa dereva. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye tela. Baba aliendesha magari ya watu kwa miaka mingi mpaka akajinunulia Scania ya mtumba, na siku ilipoingia nyumbani mama alipika pilau kama kuna harusi. Sasa hivi niko mwaka wa tatu, nasoma sheria. Si wakili bado, kwa hiyo nitakayosema myachukue kama maneno ya mtoto wenu aliyesoma kidogo, na mwenye shida kubwa amwone wakili.

Nianze na kilichonileta. Mwaka niliopata chuo, baba alipata mzigo wa vigae kutoka Dar kwenda Lubumbashi. Bei ilikuwa dola 6,000, advansi asilimia 60, salio akirudi na karatasi zilizogongwa muhuri. Mzigo aliupata kwa dalali aliyeupata kwa dalali mwingine, ambaye naye aliupata kwa mtu wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Baba hakuwahi kumwona mwenye vigae. Advansi ya dola 3,600 ikaenda kwenye dizeli, tairi mbili, posho ya utingo na gharama za mipakani. Kasumbalesa alilala siku 11. Mzigo wa kurudi hakupata, akarudi tela tupu mpaka hapa Tunduma. Alipopiga simu kudai dola 2,400 zake, akaambiwa, "Mzee, mwenye mzigo hajanilipa."

Miezi minne ikaenda hivyo hivyo. Mimi nikaripoti chuo na nusu ya ada, nikawa naingia darasani kwa kujificha. Halafu ndiyo tukaja kusikia, kwa mtu wa pembeni kabisa, kwamba mwenye vigae alishalipa zamani, na alilipa dola 7,500. Dola 1,500 zilibaki katikati kwa watu ambao hawakubadilisha hata tairi moja. Nyie mnacheka, baba hakucheka.

Mwaka 2023 nchi hii nzima iligeuka kuwa wanasheria wa bandari. Mnakumbuka. Bungeni, makanisani, vijiweni, kila mtu alikuwa anasoma vifungu vya makubaliano na DP World. Chama chetu tulipiga kelele, na mimi nasema kelele zile zilikuwa halali, kwa sababu mali ya umma isifungwe kwenye mkataba ambao wananchi hawakuulizwa. Lakini nilikuwa najiuliza kitu kimoja. Hapo nje ya geti la bandari ileile kuna mtu amebeba mzigo wa mamilioni kwa maneno ya simu tu, "njoo pakia, tutaongea." Mkataba wake yeye nani aliusoma? Haukuwepo wa kusoma.

Kwa hiyo leo naongelea mzigo unaolipa. Kwa nilivyoona kwa baba na kwa rafiki zake, watu wengi wanautafuta sehemu isiyo sahihi. Wanautafuta kwenye bei inayotajwa. Bei inayotajwa ni tangazo.

Tufanye hesabu pamoja, toeni simu. Namba ni za mfano, msinizomee kwa bei. Dizeli tuseme ni shilingi 3,000 kwa lita, maana EWURA wanabadilisha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na sitaki kugombana na mtu. Gari likiwa na mzigo tuseme linakwenda kilomita 2 kwa lita, likiwa tupu kilomita 3.

Dalali wa kwanza anakupa mbolea tani 28, Dar mpaka Tunduma, shilingi 100 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 2,800,000. Safi kabisa. Wa pili anakupa tani 28 Dar mpaka Makambako kwa shilingi 70 kwa kilo, yaani 1,960,000. Hapo ukumbi mzima utakimbilia wa kwanza, si ndiyo?

Sasa Tunduma ni takriban kilomita 930. Kuja na mzigo ni lita 465. Kama unarudi tupu, lita 310. Jumla lita 775, shilingi 2,325,000. Umebaki na 475,000, na hapo hujala, hujalipa utingo, hujaweka hata senti ya tairi. Makambako ni takriban kilomita 660. Kwenda lita 330. Pale kuna mbao. Tuseme umepakia mbao kurudi Dar kwa 1,600,000, umerudi na mzigo, lita 330 nyingine. Dizeli yote 1,980,000. Mapato 3,560,000. Umebaki na 1,580,000.

(Hapa kaka mmoja alisimama akasema mbao hazipatikani siku hiyohiyo, unaweza kukaa siku tatu. Yuko sahihi.)

Ndiyo, kaka, na hilo ndilo nililokuwa nalifuata. Siku tatu ni gharama, ziandike. Chukua ulichobaki nacho, gawa kwa siku zote tangu ulipoingia foleni ya kupakia mpaka ulipokuwa tayari kupakia tena. Hiyo ndiyo bei ya mzigo wako. Vigae vya baba vilikuwa dola 6,000, ukisikia unasema mzee ametoka. Ukigawa kwa siku 11 za Kasumbalesa, siku za kurudi mtupu na miezi ya kumtafuta dalali, kuna kijana wa bodaboda hapo nje aliyemzidi baba kipato mwezi ule.

Nilipoanza kumwandikia baba daftari la safari, kwa mwaka mmoja tuliona kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiamini. Safari zilizomlipa vizuri zilikuwa za ndani, za kilomita 500 au 700, kwa watu walewale watatu wanne, kwenda na kurudi na mzigo. Kongo ilikuwa inampa hadithi nyingi tu.

Simaanishi Kongo msiende. Wapo wanaoiweza. Lakini mfahamu mnakwenda kushindana na nani. Shaba ya kurudi, ambayo ndiyo inaifanya safari ile ilipe, wenyewe wanataka kampuni yenye malori mengi, bima kubwa, king'amuzi kwenye kila gari na mtu wa ofisini wa kupokea simu saa nane usiku. Wewe wa gari moja unapewa kipande cha kwenda, cha kurudi kinabebwa na mwingine. Ukikubali bei ya kwenda tu, ihesabu kama vile unarudi mtupu. Ukipata cha kurudi, iwe ni zawadi.

Sasa mzigo wa ndani uko wapi? Baba zangu mnajua kuliko mimi, ila vijana wanaoanza wanakaa kwenye magrupu ya WhatsApp kutwa nzima wakisubiri "mzigo upo, njoo inboksi." Mzigo una majira kama mvua. Mbolea inapanda kuja Nyanda za Juu Kusini na kwenda Zambia kabla ya mvua za Novemba, na wakati huo magari ya kupanda yanatafutwa. Mahindi ya Songwe, Rukwa na Ruvuma yanashuka baada ya mavuno, kuanzia Mei, Juni na kuendelea. Mpunga wa Mbarali vivyo hivyo. Korosho za Mtwara, Lindi na Tunduru zinaanza kusogea Oktoba. Pamba ya Simiyu na Shinyanga ni katikati ya mwaka. Mbao za Mafinga, Makambako na Njombe, viazi vya Njombe, hivyo vipo karibu mwaka mzima. Makaa ya mawe ya Mbinga kwenda bandari ya Mtwara ni kazi kubwa, ila inakula spring na tairi, kwa hiyo kabla ya kuishangilia bei waulize waliotoka huko.

Anayejua majira anapiga simu mwezi mmoja kabla. Anakwenda ghalani, kiwandani, kwa mama mwenye mashine ya kukoboa, kwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, anaacha namba, picha ya gari, kadi ya gari, leseni ya LATRA na bima. Anaahidi siku na anafika siku hiyo. Baba alipata mteja wake mkubwa wa mchele kwa kitu kidogo sana: mvua ilinyesha usiku njiani, turubai lake halikuvuja, na mama yule akashangaa kupokea magunia makavu. Tangu siku hiyo anampigia moja kwa moja. Hakuna dalali kati yao.

Madalali sitawatukana. Wengine wako hapa, shikamooni. Dalali mzuri anakuokolea siku, na siku ni pesa, tumeshahesabu. Ukiwa mji usioujua, dalali ndiye anayejua nani ana mzigo na nani halipi. Tatizo ni msururu wa madalali, watatu wanne, kila mmoja akikata chake, na wa mwisho ndiye pekee unayemjua wewe.

Hapa niingize sheria kidogo, msilale.

Mkataba unamfunga aliyeingia. Kama uliyekubaliana naye ni dalali wa mwisho, yeye ndiye mdeni wako. "Mwenye mzigo hajanilipa" ni shida yake na mwenye mzigo. Baba alikaa miezi minne akiamini lazima asubiri, na hakuna sheria iliyomwambia asubiri. Kwa upande mwingine, huwezi tu kumrukia mwenye vigae ambaye hukuwahi kukubaliana naye, isipokuwa uoneshe kwamba dalali aliongea kwa niaba yake. Ndiyo maana kabla ya kupakia unauliza: wewe unanikodi mwenyewe, au unamwakilisha nani? Nitajie jina. Wakala asiyetaka kumtaja anayemwakilisha, sheria ya mikataba inaruhusu adaiwe yeye mwenyewe. Na akikataa kutaja, basi na wewe umeshapata jibu.

Pili, watu wanasema, "Sisi hatukuandikishana, kwa hiyo hakuna kesi." Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 10, makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na lengo halali, ni mkataba. Ya mdomo nayo yamo, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka maandishi. Shida ya mdomo ni ushahidi. Utathibitishaje?

Na hapa ndipo simu yako inapoingia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ujumbe wa kielektroniki usikataliwe mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kwa hiyo ile meseji, ile WhatsApp, ni ushahidi, ilimradi uoneshe imetoka wapi, imetunzwaje na haijachezewa. Baba alikuwa amefuta karibu zote. Sababu? Simu ilijaa video za mahubiri na za mpira. Tulibakiwa na meseji moja ya kawaida ambayo dalali aliiandika akiwa na haraka, "Mzee nivumilie ile 2400 yako namalizia ijumaa." Ijumaa hiyo haikufika, lakini meseji ilifika. Kwenye meseji hiyo amekubali kwamba anadaiwa, ametaja kiasi, na namba ni yake.

Kwa hiyo kuanzia leo, mkishamaliza kuongea kwa simu, andika. Hata kama uliyeongea naye ni shemeji yako. "Ndugu, kama tulivyoongea leo tarehe fulani, nabeba tani 28 za mbolea kutoka Dar mpaka Makambako kwa shilingi 70 kwa kilo. Advansi asilimia 70 kabla ya kutoka. Salio ndani ya siku 7 baada ya kukutumia picha ya karatasi ya kupokelea yenye muhuri. Nikisubiri kushusha zaidi ya siku 2, ni shilingi kadhaa kwa kila siku. Nijibu kama ndivyo." Akijibu "sawa mkuu" umepata mkataba wa maandishi. Asipojibu, usiwashe gari.

Hiyo sentensi ya siku za kusubiri msiiruke. Kampuni kubwa zinalipwa kwa kusimama, ninyi mnasimama bure. Hapa Tunduma na Nakonde kuna kituo cha pamoja cha forodha tangu 2019, walikuja marais wawili kukifungua, na bado kila mmoja wenu hapa ana hadithi ya foleni. Foleni ikiwepo, mwenye kontena analindwa na mkataba wake, mwenye meli analindwa na wake, na anayelala chini ya tela ndiye anayeigharimia foleni.

Ukibeba kontena, uliza nani anarudisha kontena tupu, lini na wapi. Kontena ni mali ya mwenye meli, likichelewa anatoza, na nimeona makaratasi ambapo deni la kuchelewa lilikatwa kwenye salio la dereva wakati aliyechelewesha ni mwenye mzigo aliyekataa kushusha mwisho wa wiki. Iandikwe: ucheleweshaji wa mwenye mzigo ni wa mwenye mzigo.

Mizani hivyo hivyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka kikomo cha juu kabisa cha tani 56, gari na mzigo pamoja, na lori lenye ekseli chache kikomo chake kiko chini ya hapo. Dalali atakwambia ongeza tani mbili, nakuongezea hela ya soda. Ukikamatwa Vigwaza, yeye yuko nyumbani anaangalia tamthilia. Pima kabla ya kuondoka, karatasi ya uzito piga picha, tuma kwenye meseji ileile.

Na kuna wale wanaotaka pesa kabla hujaona mzigo. "Tuma elfu 50 ya kufungulia faili, wahi kuna wenzako kumi." Huo ni mzigo hewa. Mwenye mzigo wa kweli anakulipa wewe. Kijana mmoja hapa alinikiri kabla ya kikao kwamba ametuma mara mbili, mara ya pili kwa namba nyingine lakini sauti ileile. Sitamwonesha kwa kidole.

Mzee mmoja aliniuliza nje, je, asipolipa niushikilie mzigo wake? Baba yangu, naielewa hasira hiyo. Lakini mzigo wa kupita kwenda nchi nyingine uko chini ya forodha mpaka uvuke, ukiuzuia unaweza kujikuta wewe ndiye mtuhumiwa. Hata wa ndani, usiushikilie kabla hujapata ushauri wa wakili. Polisi wataambiwa umeiba, na huko kwenye kaunta hakuna atakayefungua Sura ya 345.

Njia ya deni ni hii. Andika barua ya madai, taja safari, kiasi, tarehe, mpe siku 14. Tuma kwa WhatsApp na nyingine mpelekee mkononi mbele ya shahidi. Asipolipa, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, na inaendeshwa kwa Kiswahili. Salio la safari moja linaingia humo bila shida. Muda wa kudai mkataba ni miaka 6 tangu haki yako ilipovunjwa, kwa hiyo yule ambaye umeshamsamehe moyoni kwa kukata tamaa, bado anadaika kama miaka hiyo haijapita.

Baba tulimwandikia barua. Niliiandika mimi, mwaka wa kwanza, nikaijaza maneno makubwa mpaka mwalimu wangu alipoiona akacheka. Ila ilifanya kazi. Ndani ya wiki mbili dola 1,000, baadaye 400. Dola 1,000 zilizobaki zimefika mahakamani, kwa hiyo hapo siongezi neno.

Sasa niseme la kwetu sisi kama vijana wa chama, maana mmenialika kwenye kikao cha siasa na sijataja siasa kwa dakika 20. Haya yote niliyosema ni ya mtu mmoja kujilinda. Mtu mmoja mwenye meseji nzuri bado ni mtu mmoja. Akikataa shilingi 70, nyuma yake kuna mwenye njaa atakayebeba kwa 55, na tunajua wote kwamba 55 hailipi dizeli, inalipa leo tu.

Kwa hiyo ungeni kikundi. Wapo TATOA, wapo TAMSTOA wanaosemea wa kati na wadogo, na mwenye uwezo ajiunge huko. Lakini hata malori matano ya Tunduma yenye jina moja, akaunti moja na mtu mmoja wa kupokea simu, tayari yanaweza kumwambia mwenye ghala, "Tutakuletea magari matano Jumatatu." Mwenye ghala hataki kuongea na watu watano. Na kati yenu wenyewe mtaambiana nani halipi. Mambo ya ukweli tu lakini, yenye ushahidi. Msianze kuchafuana kwenye grupu mkanitafuta niwatetee kwenye kesi ya kashfa.

Kikundi kina faida nyingine ambayo serikali haiitangazi kwa nguvu inayotangazia miradi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Usafirishaji ni huduma, nao unanunuliwa. Zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST. Nani hapa amejisajili? (Mikono miwili.) Watu zaidi ya 60, mikono miwili. Hapo na sisi chama tujilaumu, tunajua kupanga maandamano kuliko kumkalisha kijana kwenye kompyuta akasajili kikundi. Na mkumbuke mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisimamishwa 2023, ikaja kurudishwa 2024. Kijana aliyekuwa anasubiri hela ya tairi, alibanwa mwaka mzima kwa sababu wengine waliila.

Mimi ninachotaka chama kikibebe ni vitu vitatu, na nitavisema mbele ya viongozi walioko hapa ili wasinikane. Dalali wa mizigo asajiliwe na aweke dhamana, maana wewe mwenye gari unakatiwa leseni, unakaguliwa, unapimwa, na anayekaa katikati ya hela zako hatambuliki popote. Mahindi na mbolea ya umma yakisafirishwa, kazi igawanywe katika vipande ambavyo mtu wa gari moja au kikundi cha magari matano anaweza kuomba, badala ya zabuni moja inayotaka malori 50. Na salio la safari liwe na siku za mwisho kisheria, likipita liwe na riba. Mkiniambia hayo ni madogo, nitawaonesha daftari la baba.

Nimechapisha ule ujumbe wa makubaliano kwenye karatasi moja, uko mezani pale kwa dada mwenye kilemba cha kijani, bure. Usiuchukue tu ukaukunja mfukoni. Unakili kwenye simu sasa hivi, tuna dakika kumi, halafu mtumie dalali wako wa safari ijayo. Wenye simu zilizojaa, anzeni kwa kufuta video, meseji ziacheni.

Naona mzee pale ameshanyosha mkono tangu nilipotaja mizani. Karibu baba, wewe ndio wa kwanza.